Chuo cha Shamba na Makusudi Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa jamaa wa Kiislamu, Gisenyi)

Waheshimiwa masheikh, Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu na dada zetu, na nyinyi vijana mlioketi nyuma karibu na mlango kana kwamba mwangojea nafasi ya kutoroka.

Nimetakiwa nizungumze juu ya chuo cha shamba na makusudi yake. Kwa maneno haya nakusudia chuo kinachowekwa si mjini, bali huko wanakokaa wakulima, kikawafundisha vijana na watu wazima wa mahali hapo maarifa na kazi zinazofaa mahali hapo. Wengi wenu mwajua ya kuwa wazo la kufungua chuo kidogo cha namna hii huko juu milimani limekwisha kuletwa mbele yetu, na ya kuwa rai zimegawanyika. Wako wasemao kuwa fedha zetu ni chache, na hizo chache heri ziende katika shule ya sekondari. Wako wasemao kuwa Muislamu wa Gisenyi ni mtu wa mji na biashara, sasa jembe la nini? Mimi sikuja kumgombeza mtu. Nimekuja kusimulia niyajuayo, na mengine niliyoyaona kwa macho yangu, kisha mtaamua wenyewe.

Yafaa tuanze kwa kujiuliza sisi wenyewe tulijifunza wapi kazi zetu. Wazee wetu walifika nchi hii zama za Wadachi, wengine askari, wengine makarani na wafanya biashara, kutoka pwani na Tabora na Ujiji; na wengine walikuwa wenyeji wa hapa hapa waliosilimu kwa kukaa nao. Mwaka 1913 msikiti wa Al-Fatah ulijengwa Kigali. Siku hizo Kiswahili kilikuwa lugha ya serikali, na mwenye kukijua aliheshimiwa. Walipokuja Wabelgiji mambo yaligeuka. Shule ziliachiwa mikononi mwa wamisheni, na ile shule kubwa ya Astrida, iliyoasisiwa mwaka 1929, ambayo ndiyo iliyowatengeneza watu wa kazi za serikali, ilikuwa chini ya mabruda. Baba wa Kiislamu alipotaka mwanawe asome alijikuta njia panda: ama mtoto apate kalamu na aiache dini, ama abaki na dini bila kalamu. Wengi walichagua la pili. Waislamu wakawa na mitaa yao mbali na wengine, iliyoitwa kambi za Waswahili, na neno chuo likawa na maana moja tu kwetu, yaani mahali pa kusomea Kurani.

Lakini kilikuwako chuo kingine kisichokuwa na jina, nacho ni barabara. Mtoto wa Kiislamu alipanda gari la mizigo akiwa utingo. Alisukuma, alifunga turubai, alilala chini ya gari akilinda mali ya watu, na kila mara dereva wake alipofunua mashini yeye aliinamisha kichwa atazame. Baada ya miaka mitano au sita alikuwa dereva na makanika. Mwenzake alikaa kando ya cherehani, akianza kwa kutia vifungo na kupiga pasi, mpaka siku alipopewa mkasi. Ndipo jina letu lilipoenea nchi nzima, ikawa mtu akitaka dereva, au fundi wa gari, au mshonaji, au mchuuzi, huambiwa amtafute Muislamu. Sisemi haya kwa kujivuna. Nasema kwa kuwa naona twasahau upesi ya kwamba jamaa hii ililishwa na kazi ya mikono kabla ya kulishwa na cheti chochote.

Hata hivyo mafunzo yale yalikuwa na ila zake. Fundi alijua kufanya, wala hakujua kueleza. Na kijana aliyeuliza kwa nini alipigwa kofi akaambiwa atazame. Hakuwa na karatasi ya kumtambulisha, kwa hivyo alipofika mbele ya tajiri asiyemjua ilikuwa kana kwamba hajui kitu. Ila iliyo kubwa kupita zote ni kuwa maarifa yale yalikaa mjini. Waliosilimu huko milimani walikuja kuswali Ijumaa, wakanunua chumvi na sabuni, wakarudi kwao bila kujifunza kwetu lolote la kazi. Kisha likaja balaa la mwaka 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambamo mafundi wengi walikufa na wengine wakatawanyika, na ule mnyororo wa mkubwa kumfundisha mdogo ukakatika mahali pengi. Aliyebaki bila mwalimu hakuwa na kitabu cha kumrudisha nyuma.

Sasa niwaambie jambo ambalo wengi wa rika langu walijua, lakini vijana hawalijui. Chuo cha shamba si kitu kigeni katika Rwanda. Mwaka 1979 serikali ya wakati ule ilifanya mageuzi makubwa ya elimu. Shule ya msingi ilifanywa miaka 8 badala ya 6, na katika miaka miwili ya mwisho watoto wakafundishwa kilimo na kazi za mikono. Kwa wale waliomaliza wasipate nafasi ya sekondari, nao walikuwa wengi mno, maana nafasi zilikuwa chache sana, vilifunguliwa vituo vya miaka 3 vilivyoitwa kwa Kifaransa CERAI, yaani vituo vya mafunzo ya shamba na ufundi. Humo vijana walifundishwa kulima, useremala, ujenzi, ushonaji na malezi ya nyumba, kwa Kinyarwanda. Makusudi yalikuwa mazuri, na ukiyaandika leo katika karatasi utayasifu: kijana abaki kwao, ajitegemee, na kijiji kipate fundi.

Mimi ni mmoja wa waliosoma huko. Niliingia mwaka 1983 katika kituo kimoja cha milima ya upande wetu, nikafundishwa useremala. Tulikuwa vijana thelathini na ushei, na randa zilikuwa 2. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema, mwenye subira, naye alitufundisha kunoa patasi muda wa mwezi mzima kabla hatujaruhusiwa kugusa mbao, jambo ambalo wakati ule nililichukia na leo namwombea dua kwalo. Basi upungufu wa vyombo haukutushinda. Kilichotushinda ni kingine. Watu walipomwuliza baba yangu, ambaye alikuwa dereva mashuhuri katika mji huu, mwanao yuko wapi siku hizi, alikuwa akijibu: yuko nyumbani, angojea nafasi. Hakuthubutu kulitaja jina la kituo. Nami mwenyewe nilipokuja likizo nilibeba vyombo vyangu ndani ya gunia, ili wanionao wadhani ni viazi.

Mwaka mzima hatukuona hata mtoto mmoja aliyefaulu mtihani akaja kwetu kwa hiari yake. Sote tulikuwa tumeshindwa, na kila mtu alijua hivyo, hata mbuzi wa kituo, kama tulivyokuwa tukitaniana. Nilipomaliza nilitaka kuendelea, nijifunze kuchora ramani za majengo. Nikaenda katika shule moja ya ufundi, nikaonyesha karatasi yangu. Karani aliitazama, akanirudishia, akasema kwa upole kuwa karatasi ile haikuwa na njia ya kuingilia pale. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa nyuma yangu, na mwingine mbele. Mwaka 1991 shule ya msingi ilirudishwa kuwa miaka 6, na vile vituo vikazidi kufifia, mpaka leo wengi hawakumbuki hata jina lake.

Kwa rai yangu, ndugu zangu, vile vituo havikuuawa na jembe wala na randa. Viliuawa na mambo mawili. La kwanza, havikuwa na ngazi ya kupandia, na aliyeingia alikuwa amefika mwisho. La pili, sisi wazazi tulivifanya jaa la kutupia watoto tuliowakatia tamaa. Serikali ilikuwa na makosa katika la kwanza, lakini la pili ni letu. Nami nitawapa ushahidi juu ya nafsi yangu. Nilipopata mwana wa kwanza nilimkataza kushika randa. Nilimwambia: wewe utakaa kitini. Nikauza kipande cha shamba nikamsomesha mambo ya ofisi, akapata stashahada, na kwa miaka minne akawa akiuza muda wa maongezi wa simu karibu na mpaka. Mpaka ulipofungwa, akaja karakanani kwangu akiwa na umri wa miaka 27, akashika ufagio, akaanza kufagia maranda. Niliona haya, si kwa ajili yake.

Majirani zetu wa Tanzania walilianza jambo hili karibu wakati ule ule, nao hawajaliacha. Mwaka 1975, zama za Mwalimu Julius Nyerere, walifungua vyuo walivyoviita Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa msaada wa Sweden. Wasweden nao walikuwa na vyuo kama hivyo tangu mwaka 1868, na wao waliiga kwa Wadenmark, ambao chuo chao cha kwanza kilifunguliwa Rødding mwaka 1844, kwa fikira za sheikh wao wa Kikristo, kama nitaruhusiwa kumwita hivyo, aitwaye Grundtvig. Huko Ulaya vijana wa wakulima walikuwa wakikaa chuoni wakati wa baridi, shamba likiwa limelala chini ya theluji. Wakasoma historia yao, hesabu, kilimo na kuimba, kisha wakarudi kulima. Hawakutahiniwa, na waliokwenda hawakuwa watoto wa kutupwa. Walikuwa warithi wa mashamba.

Watanzania waliligeuza lifae kwao. Vyuo vingi waliviweka katika majengo yaliyokuwapo, yaliyokuwa zamani ya mafunzo ya wakulima, na leo viko 54. Viko hata Kasulu na Kibondo, si mbali na njia walizopita babu zetu wakitoka Ujiji. Hapo mwanzo ilikuwa ni kijiji chenyewe kimchaguacho mtu wa kwenda, mara nyingi mtu mzima mwenye nyumba yake, kwa kuwa kilitaka arudi. Hebu likumbukeni hilo. Kule kwetu aliyekwenda ni yule asiyetakiwa mahali pengine, na kule kwao, kwa makusudi ya mwanzo, ni yule kijiji kilichomwamini. Baadaye hali ilibadilika, fedha zikapungua, majengo mengine yakachakaa, na vyuo vikaongeza mafunzo ya ufundi yenye cheti ili vijana waweze kuendelea. Sioni kuwa huko ni kuiacha asili. Njaa ya cheti ni ya kweli, wala haiondoki kwa kuhubiriwa.

Jambo moja katika vyuo vile limenigusa sana, nalo ni habari ya wasichana waliotoka shuleni kwa kupata mimba. Katika miaka hii ya karibuni vyuo hivyo vimewafungulia mlango, wakaja na watoto wao wachanga, na mahali pakatengwa pa kuwalea watoto hao mama zao wakiwa darasani. Najua maneno haya yatawachoma baadhi ya wazee hapa. Nami nauliza tu: huyo binti tunayemficha nyumbani, na mtoto wake, watakula nini mwaka ujao? Tukifungua chuo kisichokuwa na nafasi yake, tutakuwa tumejenga nyumba nzuri na kumwacha nje yule aliyekuwa akinyeshewa.

Nirudi kwetu Rubavu, maana huko ndiko kuliko na jambo. Mtu akiniuliza chuo hiki kitafundisha nini, sitampa orodha ya masomo. Nitampeleka akatazame mambo matatu yaliyotupata katika miaka michache, na kila moja litamwambia.

La kwanza ni mpaka. Kabla ya Machi 2020 makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka kila siku kati ya Gisenyi na Goma, na walio wengi walikuwa wanawake wenye vikapu vichwani: nyanya, viazi, maziwa, samaki, kitunguu. Maradhi ya korona yalipofunga njia, nyumba nyingi za mji huu zilikosa chakula kwa muda wa siku chache, na wala hapakuwa na kosa la mtu. Biashara ni sunna yetu nami siidharau, lakini tuliona jinsi ilivyo hatari kwa mtu kusimama juu ya mguu mmoja. Mama aliyejua kukausha na kufungasha sambaza, au kugandisha maziwa yakawa jibini, alipata kungoja. Aliyejua kununua hapa na kuuza pale tu, hakupata. Na hao sambaza wenyewe, kwa wasiojua, hawakuwamo ziwani zama za Wadachi. Waliletwa kutoka ziwa la Tanganyika yapata mwaka 1959, wakamiminwa Kivu, na leo ndio kitoweo cha pande zote mbili. Mtu alikaa akafikiri, akafanya, watu wakala. Elimu ya shamba ni kama hiyo.

La pili ni ardhi inayotikisika. Mwezi Mei 2021 mlima wa Nyiragongo ulipopasuka, tetemeko lilifuata tetemeko kwa siku kadhaa, na nyumba za mji huu zikafanya nyufa, nyingine zikaanguka. Mimi ni seremala, kwa hivyo nilizunguka kutazama. Niliona nyumba mbili zilizopakana, za matofali ya namna moja, chini ya mti mmoja. Moja ilikuwa na mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na kenchi zake zilifungwa katika ukuta. Nyingine ukuta ulisimama peke yake na paa lilikaa juu yake kama kofia. Mnajua ipi iliyoanguka. Tofauti ya fedha kati ya nyumba hizo haikuwa kubwa. Tofauti ilikuwa ni kwamba mmoja alijengewa na mtu aliyefundishwa sababu.

La tatu ni mto Sebeya. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha katika milima yetu, mto ukatoka katika mkondo wake, ukaingia majumbani watu wakiwa wamelala, na ardhi ikaporomoka. Katika majimbo ya Magharibi, Kaskazini na Kusini walikufa watu zaidi ya 130. Tulizika. Wengi wenu hapa mlibeba majeneza pamoja nami huko Nyundo na Rugerero, na hatukuuliza huyu wa msikiti gani au kanisa gani. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini mlima usio na matuta ya ngazi, usio na miti wala nyasi za kushika udongo, na nyumba ya udongo mbichi iliyojengwa ukingoni kabisa mwa mto, hayo ni ya mikono yetu. Kijana anayejua kupima mteremko kwa fremu ya fito tatu na uzi wenye jiwe, akajua tuta lipite wapi na maji yatoke wapi, anaweza kuokoa shamba la mtaa mzima, na chombo chenyewe hakigharimu kitu. Nani amemfundisha? Huko juu Busasamana na Mudende udongo wa volkano ni mweusi na wenye rutuba hata mgeni huuonea wivu, viazi vyake vyaliwa Kigali. Na kila msimu wa mvua ukungu waingia katika majani, na nusu ya wakulima hawajui kama walichonyunyizia ni dawa au maji ya rangi.

Hayo ndiyo makusudi ya chuo, kama mimi niyaonavyo. Si kuwazuia vijana wasiende mjini. Atakaye kwenda na aende, nasi sote tu watoto wa wasafiri. Makusudi ni kwamba anayebaki asibaki kwa kushindwa, na anayeondoka aondoke na kitu mkononi.

Mtaniuliza habari za ile ngazi niliyoikosa mimi. Sasa ipo, na hili ndilo linalonipa tumaini ambalo baba yangu hakuwa nalo. Tangu mwaka 2017 iko Rwanda Polytechnic, yenye vyuo vyake Karongi na Musanze, kushoto na kulia kwetu. Na serikali ilijiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2024 asilimia 60 ya wanafunzi wamalizao elimu ya awali ya sekondari waingie katika masomo ya ufundi. Kijana akianza katika chuo kidogo kinachotambuliwa, aweza kupanda daraja kwa daraja mpaka shahada. Hata gesi ya ziwa letu inataka mikono: mtambo wa KivuWatt, Karongi, wa megawati 26, ulizinduliwa mwaka 2016, na mwingine ukafuata upande wetu wa Rubavu. Gesi hiyo ilikuwa ikitolewa Rubona tangu miaka ya 1960, ikawashia moto kiwanda cha pombe, nasi tukajitenga nayo kwa sababu mnazozijua. Lakini umeme hauna ulevi, na mchomeleaji wa mabomba aliye hodari hapati muda wa kukaa barazani. Kwa hivyo nasema sharti la kwanza la chuo chetu ni kutambuliwa na serikali tangu siku ya kufunguliwa. Bila hilo, tusianze. Tutakuwa tunawatayarishia wajukuu wetu yule karani na maneno yake ya upole.

Sharti la pili ni mlango kuwa wazi kwa wote. Waislamu ni asilimia 2 tu hivi ya watu wa nchi hii kwa hesabu ya mwaka 2022, na chuo cha milimani kitakachowachagua wetu peke yao hakitajaza hata darasa. Wala tusidhani kuwa tutapoteza. Tazameni Mombasa. Mwaka 1951 kilifunguliwa huko chuo cha ufundi cha Waislamu, kilichojengwa kwa fedha za Aga Khan, na za Sultani wa Unguja, na za Mabohora, na za serikali ya Kiingereza, kwa sababu ile ile ya kuwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki walikuwa wameachwa nyuma katika ufundi. Baadaye kikafunguliwa kwa watu wa dini zote, kikakua, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wako wanaosema Waislamu walinyang'anywa. Mimi naona waliacha wakfu ulio hai, ambao bado wafundisha.

Sharti la tatu ni walimu, na hapa nawageukia wazee wenzangu. Mwalimu mwenye shahada tutamwomba serikalini. Lakini mzee aliyefungua mashini za malori miaka arobaini, na bibi aliyeshona nguo za maharusi wa mji mzima, hao hawatoki Kigali. Wako humu ukumbini. Wakubali kukaa pamoja na mwalimu kijana, mmoja aeleze, mwingine aonyeshe, na wala wasiogope kuulizwa kwa nini. Na ya lugha isitutie shaka: Kinyarwanda ndicho cha nyumbani, na Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya nchi yetu, ndicho kitakachompeleka fundi wetu Goma, Bujumbura na Mwanza akasikika.

Kuhusu fedha sitasema mengi, Mweka Hazina atasema. Nasema tu kwamba chuo chaweza kuanza na ufundi wa aina tatu, shamba la mfano na paa moja. Kilichowashinda wale wa zamani hakikuwa kukosa ghorofa. Na katika darasa la kwanza natamani niwaone watoto wa wajumbe wa Kamati hii hii, wale wanaofaulu, wawili au watatu, wakiwa na kalamu masikioni na vumbi la mbao nywelini. Mwanangu wa mwisho, aliye wa pili darasani kwake, amekwisha kuniambia atakwenda. Mama yake bado anafikiri.

Nabii Daudi, amani iwe juu yake, alikuwa mfalme, na twafundishwa ya kuwa alifua chuma kwa mikono yake. Nabii Zakaria alikuwa seremala. Nawaachia masheikh walieleze hilo kwa elimu yao. Mimi si mtu wa mimbari.

Kwa upande wangu natoa meza yangu kubwa ya useremala pamoja na jiliwa lake, randa 3, misumeno 4, kekee moja, na patasi ambazo nimezinoa jana. Vyombo vyaingia ndani ya gunia moja, ila mara hii vichukuliwe wazi. Meza ni ya muvule, nzito sana, haibebwi na watu chini ya wanne. Vijana mlioko mlangoni, nawangojea Jumamosi baada ya alfajiri, kabla ya jua kupanda.